Nta Haizuii Ziwa

Leokadia,

Boti yako niliivunja kwa shoka. Naanzia hapo kwa sababu hata wewe ungeanzia hapo. Nilivunja huku unaniangalia. Nikaendelea kuvunja huku umenishika shati. Uliponipiga ubao wa mdomo nilitema jino, nikainua shoka tena, nikamaliza kazi.

Tangu siku hiyo hatusemeshani. Unaniwekea ugali, unatoka. Nakula, natoka. Watu wa Heru Juu wanasema Bukuru amerukwa na akili, mke wake alipokufa alikwenda nazo. Waache waseme.

Kesho asubuhi bodaboda inakuja kukuchukua. Nimeambiwa na Mama Furaha, siyo na wewe. Alipita jioni na vitenge vyake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akanikuta nanoa msumeno.

"Papa Leokadia, mutoto anaenda ku ziwa kesho, na wewe unanoa tu kisu?"

Nikamwambia huu si kisu, ni msumeno.

"Sawa. Utamuaga na musumeno?"

Nikamwambia ziwa lile halifai. Akakaa chini bila kukaribishwa, mzigo wake mapajani.

"Ile ziwa ilikula mutoto wangu mumoja, ulikuwa unajua? Tulikuwa tunakimbia vita, boti ilijaa watu, akaanguka. Na ni ile ile ziwa ilinifikisha huku na wenzake, wakapona. Siwezi kuitukana, siwezi kuishukuru. Lakini wewe unanunia mutoto kama vile yeye ndiye ziwa."

Akanyanyuka akaenda zake. Hata kitenge hakunionyesha.

Basi naandika. Nikisema kwa mdomo nitafoka, unanijua. Shule niliishia darasa la tatu, utasoma hivyo hivyo. Mambo ya nauli, ya kula, ya kufunga mlango, sina la kukwambia. Una akili zako. Mimi nataka ujue kwa nini nilichukua shoka.

Nilikuwa Murungu napasua mbao, nimekaa huko muda mrefu. Nilikuacha unakusanya mbao zako, nikajua ni za boti. Nilijua umenunua turubai kwa Mama Furaha ukalishona tanga. Nilidhani utachoka. Niliporudi nikaikuta nyuma ya jiko, kwenye migomba, imegeuzwa tumbo juu.

Nikaizunguka. Ilikuwa nzuri. Hilo sikukwambia. Ule mkuku, mti wa chini unaobeba boti nzima, uliuchonga ukanyooka kuliko kazi zangu nyingi. Nikapitisha mkono ubavuni. Ndipo nikaona nyuki. Nyuki wanatembea kwenye maungio ya mbao, wanatafuta. Nikainama nikanusa.

Asali. Umeziba kwa nta.

Hapo sikuona tena boti. Nilikwenda kuchukua shoka.

Sasa sikiliza. Tulikwambia baba yako mdogo Butoyi alikufa kwa homa. Uongo. Tulikwambia mkono wangu wa kushoto haunyooki kwa sababu nilianguka kwenye mti. Uongo. Tulikwambia kazi zangu zote ni huku juu, huko chini sijawahi kushuka. Huo ndio mkubwa.

Wewe unajua kwetu mapacha wanapewa majina yao. Wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi. Ukimwita mmoja umemwita na mwenzake. Kila anayeniita jina langu ananiuliza mwenzako yuko wapi. Yeye hajui kama anauliza. Mimi nasikia.

Tulikuwa vijana, tunapasua mbao. Yeye juu ya gogo, mimi chini shimoni, msumeno katikati. Vumbi lote machoni kwangu, yeye anaimba. Siku moja tukashuka ziwani na lori la mbao. Mwenye mzigo akasema mbao zinatakiwa kijiji cha ng'ambo ya ghuba, hakuna barabara. Zikapakiwa kwenye boti ya tanga, na sisi juu ya mbao.

Nilikuwa sijawahi kuona kitu kile. Mwenye boti akavuta kamba, tanga likajaa, paa, kama mtu amezabwa kofi. Boti ikalala upande ikaanza kwenda. Na mzigo ule wote. Leokadia, mimi kila kitu kilichokwenda maishani mwangu nimekisukuma au nimekibeba. Gogo, gunia, baiskeli ina mikungu. Kile kilikuwa kinakwenda na hakuna anayesukuma. Nilitaka kulia. Butoyi alitapika.

Kwa hiyo usidhani sikukuelewa ile jioni uliporudi kutoka kuuza maharage ziwani. Ulisimulia boti ya injini ilivyoishiwa mafuta katikati ya maji, mkafunga turubai kwenye kasia, upepo ukawapeleka mpaka mchangani. Ukasema, "Baba, nilisikia kama mtu amenishika mkono ananivuta." Nikaacha ugali nikatoka nje. Ulidhani nimechukia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya choo nayarudia maneno yako. Yale maneno nilimwambia Butoyi, kabla wewe hujazaliwa.

Tukaamua tujenge ya kwetu. Na tujenge hapa hapa, siyo ziwani. Mninga ulikuwa huku, misumeno yetu ilikuwa huku, na tulikuwa wajeuri. Watu walikuja kutazama.

"Bukuru, ziwa litapanda mlima likufuate?"

"Hiyo ni ya kukamulia ndizi za kijiji kizima?"

Butoyi akawajibu, "Ndiyo. Na wewe tutakukamulia humo humo, tuone kama utatoa pombe."

Alikuwa na mdomo yule. Mimi nilikuwa na ngumi.

Boti ikasimama. Yakabaki maungio. Mbao mbili zikikutana lazima uzibe katikati, maji yasipite. Na sisi watu wa huku tunajua mtumbwi wa aina moja tu, huu wa kukamulia ndizi. Ukipata ufa tunafanya nini? Unajua mwenyewe, umenishikia chungu mara nyingi. Unayeyusha nta, unachanganya na majivu, unamwaga kwenye ufa, pombe haitoki hata tone. Babu yangu alifanya hivyo. Tukaziba boti nzima kwa nta. Mizinga ya ukoo tuliimaliza yote. Kilima kizima kilinukia.

Tukaishusha kwa lori mpaka ufukweni. Kabla hatujaigusisha maji, nyuki wa huko walikuwa wameshakuja. Wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini.

"Watu wa milimani wametuletea mzinga!"

"Waacheni, wanakwenda kuvua asali."

Kulikuwa na fundi wa boti pale, mtu mfupi, wanamwita Fundi Rajabu. Yeye hakucheka. Alikuja akapitisha ukucha kwenye ungio, nta ikatoka kama uji umeganda. Akanionyesha kwenye kidole.

"Kijana, mtumbwi wa pombe unakaa kivulini, haujipindi. Boti inajipinda. Na jua la huku litaila hii nta kabla hujala mchana. Ivuteni juu. Mimi nitawaonyesha. Ni pamba na mawese, unashindilia kwa patasi mpaka ungio likatae. Mbao zenu nzuri, msizipoteze."

Alisema kwa upole. Ila alisema mbele ya watu wote, na wote walikuwa wameshacheka.

Nikampiga kichwa. Nilimpasua juu ya jicho, damu ikamfunika uso. Alipoanguka nikampiga teke la mbavu. Mtu aliyeniambia mbao zangu nzuri. Wavuvi wakaja na makasia. Butoyi alipigwa mgongoni akinivuta mimi, nilipigwa kila mahali. Tukasukuma boti majini tukikimbia kipigo. Hivyo ndivyo tulivyoanza safari. Hata Mungu hatukumtaja.

Na nikwambie ukweli, mwanzo ilikuwa tamu. Damu ya watu ipo kwenye shati langu, midomo imevimba, na mimi nacheka. Tanga lilishika. Boti ilikwenda. Butoyi safari hii hakutapika, alisimama mbele anapiga mbinja. Kama ningekufa pale ningekufa nimeridhika, na yeye angebaki hai kuwasimulia.

Jua likapanda. Nta ikaanza kulainika. Kwanza ilitoa jasho, halafu ikawa inachuruzika ndani kwa ndani. Butoyi akaanza kuteka maji na sufuria. Upepo wa kusini ukaingia, na ule upepo, utauona mwenyewe, hauji kidogo kidogo. Mawimbi yakatoka povu. Kila wimbi likiinua boti unasikia mbao zinalia, na kila zikilia kipande cha nta kinang'oka.

"Bukuru, shusha tanga."

Nikasema bado.

"Maji yanaingia."

"Teka."

"Nateka, hayapungui. Shusha tanga, mwana wa mama."

Nilijua tukishusha tutarudi kwa makasia, polepole, na wale watu wamesimama mchangani wanatusubiri. Nikafikiria vicheko vyao. Nikaizungusha kamba mkononi, nikakaza. Butoyi akaja kuninyang'anya. Nikampiga ngumi ya taya. Akanirudishia. Tulipigana ndani ya boti inayozama, Leokadia. Tumetoka tumbo moja siku moja, maji yako magotini, nta inaelea kati yetu kama mafuta ya supu, na tunapigana. Akaniuma mkono ili niachie kamba. Sikuachia. Nikamsukuma kwa mguu.

Akasimama wima. Upepo ukageuka. Foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga, ukazunguka na nguvu yote ukampata kisogoni. Nilisikia mlio. Umewahi kuangusha kibuyu kilichojaa? Ndio huo. Alikwenda majini upande ule na mimi nikabaki upande huu, nimeshika kamba.

Boti ikafunguka. Mbao ziliachana moja moja, bila haraka, kama watu wanaoagana. Nikakumbatia mkuku. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha.

Walionitoa ni wale wale walionipiga. Fundi Rajabu alikuwa mtumbwi wa mbele, kitambaa kimefungwa juu ya jicho, damu haijakauka. Alinivuta kwa nywele akanitupa ndani. Hakunisema. Mpaka leo ningependa angenisema.

Butoyi tulimpata kesho yake, ziwa limemrudisha. Tulimpandisha huku juu ya lori la dagaa, hakukuwa na lingine. Ndiyo maana sili dagaa. Nyie mlidhani ni maringo.

Bibi yako alikuwa anatwanga. Akaniona nateremka peke yangu. Akauliza, "Bukuru, mwenzako yuko wapi?" Nikaonyesha lori. Akanijia na mchi. Alinipiga begani, alinipiga mgongoni, nikainua mkono kujikinga, ukavunjika hapa hapa unapopaona. Hakuna jirani aliyemzuia. Hata mimi nisingemzuia. Mama yako, tulikuwa tumeoana juzi juzi tu, ndiye aliyekuja kunilalia, mchi mmoja ukampata mbavuni. Alikohoa damu siku kadhaa.

Baadaye, mkono umefungwa vijiti, akaniambia, "Neno ziwa lisitajwe ndani ya nyumba hii. Mtoto tutakayemzaa asilijue." Nikakubali. Halikutajwa. Mama yako amekwenda, kunyamaza kumebaki.

Sasa ona tulichofanya. Ziwa tulikuficha. Nta hatukukuficha. Tangu ukiwa mdogo nakufundisha kuyeyusha, kuchanganya, kumwaga. Ulipojenga boti ulifanya ulichoona kwa baba yako. Ningekusimulia hii hadithi siku moja tu, hata nikiwa nimelewa, usingeigusa ile nta. Nilikuzalia kosa langu, likakua nyumbani kwangu, likala ugali wangu, na siku nilipoliona lina mbavu na mkuku nikalipiga shoka.

Na pale tena nilikuwa na nafasi ya kusema. Ungio moja tu, ukucha mmoja. "Leokadia, hii itatoka." Fundi Rajabu alitumia ukucha kwa mtoto wa mtu asiyemjua. Mimi kwa mtoto wangu nilitumia shoka. Ukaniuliza nimekukosea nini, nikakwambia nyamaza. Ukasema Mama angekuwa hai, nikakwambia Mama amekufa. Hayo ya mdomo naona ni mabaya kuliko ya shoka. Boti inajengwa tena.

Jino usiliwaze. Ulinipiga vizuri, mkono wako mzito. Ila una hasira zangu, na huko zitakutafuta. Watakucheka. Wewe ni mwanamke, na umetoka milimani. Watasema umeleta meza ya jikoni ukaitia tanga. Wewe wajibu kama baba yako mdogo alivyokuwa anajibu, siyo kama mimi. Mdomo wa Butoyi unao, nimekusikia ukibishana na wauza mahindi. Na katikati ya wanaocheka angalia yule asiyecheka. Huyo ndiye niliyempiga kichwa.

Kama Fundi Rajabu yupo hai sasa ni mzee. Utamjua kwa kovu juu ya jicho la kulia. Ulimwambia Mama Furaha unakwenda kutafuta fundi wa kukufundisha. Mtafute yeye kwanza. Usiufiche ukoo wako. Mwambie, mimi ni mtoto wa Bukuru, yule wa nta. Akikufukuza rudi kesho yake. Ukikuta ameshakufa, nenda kwa mwingine. Akikukubali, kila ungio mpe alipitishie ukucha. Akisema toa, toa. Usimjibu.

Ule msumeno unaousikia siku hizi zote, ulidhani napasua mbao za mtu. Ni zako. Kule Murungu niliwaambia wanilipe gogo la mninga. Mbao zimeegemea nyuma ya jiko, nimezifunika majani ya migomba zisikauke haraka zikapasuka. Na mkuku wako sikuuvunja. Kama hukwenda kuangalia, kaangalie. Nilivunja yote nikafika pale, mikono ikakataa. Uko chini ya magunia. Lori la mbao likishuka nitavileta mwenyewe, mkuku na mbao, nitavishusha mchangani mbele ya hao hao wavuvi. Wakitaka kunipiga watanipiga. Sitarudisha.

Kwenye mfuko wako nimetia kidumu cha asali. Siyo ya kuzibia. Mpe Fundi Rajabu. Atajua.

Barua naiweka ndani ya tanga lako, hapo ulipolikunja, ncha nimeitokeza uione kabla hujaondoka. Asubuhi bodaboda ikija nitakuwa nimesimama pale, nitakufungia mzigo. Kama hutaki kunisemesha, sawa. Kaza kamba zangu ukifika Kasulu, barabara inatikisa.

Jambo la mwisho. Siku ya kuiingiza majini uniite. Tangu siku ile sijatia mguu ziwani, hata mtoni navuka nimefumba macho. Nitakuja. Usinikalishe nyuma kama mgeni. Nikalishe kwenye kamba ya tanga, mkono huu mmoja mzima unatosha. Nahodha ni wewe. Upepo ukiwa mtamu kiasi gani, watu wakiwa wamesimama mchangani wanacheka kiasi gani, ukisema, "Baba, shusha tanga," nitashusha.

Baba yako,
Bukuru